Nani kamwambia nani? Jibu kwa mwandishi wa Uyole

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Uyole, Mbeya, aliyemaliza rasimu ya riwaya yake ya kwanza. Ni hadithi ya mawifi wawili wanaouza mchele katika soko la Mwanjelwa. Atupele ameolewa na Ambakisye, kaka wa Sekela. Sekela naye ana mume. Aya aliyoniletea ni hii:

“Atupele alipofika kwenye kizimba alimkuta Sekela anapima mchele. Alimwangalia bila kumsalimu. Alijua amemwambia kaka yake habari za pesa zake, ndiyo maana amenuna. Akachukua debe akaliweka chini, akamwambia aondoke kabla hajamwita mumewe.”

Anaandika: “Watu wawili walionisomea wamejaza pembeni mwa kurasa neno ‘nani?’. Nikarudi nikaweka majina kila mahali, sasa mume wangu anasema inasomeka kama maelezo ya polisi. Kitabu kimoja cha Kiingereza cha kufundisha uandishi kinasema tatizo hili hutokea wahusika wakiwa wa jinsia moja, kwa hiyo mmoja abadilishwe. Siwezi, hii ni hadithi ya mawifi. Nifanyeje?”

Dada, usimbadilishe mtu jinsia. Ushauri huo una maana katika Kiingereza, ambako kiwakilishi kinamtenga mwanamume na mwanamke. Kwetu haufui dafu. Mfanye Sekela awe Gwamaka, kisha usome tena “Alimwangalia bila kumsalimu.” Ukungu uko palepale. Ile a- ya Atupele ndiyo a- ya Gwamaka, ndiyo a- ya bibi kizee, ndiyo a- ya ng’ombe. Nimewahi kusoma katika rasimu moja: “Mzee alimpeleka ng’ombe mtoni, akanywa maji, akalala chini ya mti.” Hadi leo sijui aliyelala ni nani.

Jambo la pili ni mahali pa kutafutia. Shuleni tulifundishwa kuwa viwakilishi nafsi ni mimi, wewe, yeye na wenzao, basi ukiambiwa viwakilishi vyako havieleweki unaanza kumsaka “yeye”. Katika aya yako hakuna “yeye” hata mmoja, ila karibu kila kitenzi kimebeba watu ndani yake. “Amemwambia” ana watu wawili, msemaji na msikilizaji, na wote hawana sura. Kwa hiyo unapopitia rasimu, shika kalamu usimame kwenye vitenzi. Kila kiambishi cha mtenda na cha mtendwa kiulize: ni wewe nani, na msomaji wangu amekujuaje?

Tuipitie aya yako namna hiyo. Sentensi ya kwanza haina neno. Ya pili, “Alimwangalia”, msomaji ataelekea kwa Atupele kwa sababu ndiye aliyeanza kutenda, lakini jina la mwisho kutajwa ni la Sekela, na ndiye aliyeachwa akifanya kazi. Bado anavumilia. Ya tatu ndiyo inayovunja mgongo. Aliyejua ni nani? Aliyemwambia kaka ni huyo huyo aliyejua, au mwenzake? “Kaka yake” ni Ambakisye, au Atupele naye ana kaka kwao Tukuyu? “Pesa zake” zaweza kuwa za Atupele, za Sekela, au za huyo kaka. Na “amenuna” ana watu watatu wa kuchagua. Msomaji anapofika kwenye “mumewe” ameshachoka, wala hatambui tena kuwa mume wa Atupele na kaka wa Sekela ni mtu mmoja.

Angalia kwamba hakuna neno moja hapo lenye kosa la sarufi. Msomaji huweza kubeba shaka moja kwa sentensi moja au mbili, akitarajia kuitua mbele. Ukimwongezea ya pili kabla hajaitua ya kwanza, anaacha kusoma hadithi na kuanza kufanya hesabu.

Sasa nije kwenye kisababishi kikubwa kuliko vyote katika rasimu ninazopelekewa, nacho ni -ka-. Masimulizi yetu yanapenda mnyororo: akaenda, akakuta, akauliza, akajibiwa. Ni mwendo mtamu na usiuache. Lakini mnyororo huo una masharti yake ya kimyakimya: msikilizaji anachukulia kwamba mtenda ni yule yule hadi aambiwe vinginevyo. “Akachukua debe akaliweka chini, akamwambia aondoke” inafuata sharti hilo vizuri, vitendo vitatu, mtu mmoja. Tatizo ni kwamba kabla ya hapo tulikuwa kichwani mwa Atupele, na anayepima mchele ni Sekela, kwa hiyo debe liko mikononi mwa Sekela. Mtenda amebadilika na hakuna aliyetangaza.

Kutangaza hakuhitaji jina kila mara. “Naye” inafanya kazi hiyo kwa heshima zote: “Atupele alisimama kizimbani, naye Sekela akaendelea kupima.” “Mwenzake” ni neno lisilothaminiwa vya kutosha na waandishi wapya, wakiwa wawili tu kwenye tukio, “mwenzake” haliwezi kumkosa mtu wake. Kuna na ule usemi wetu wa nyumbani, mama mtu, mume mtu, wifi mtu. “Wifi mtu akakaa kimya.” Umejua nani, na umesikia sauti ya msimuliaji akiwa amekunja mkono kiunoni.

Tahadhari moja na wifi, lakini. Neno hili linaenda pande zote mbili: Sekela ni wifi wa Atupele, na Atupele ni wifi wa Sekela. Shemeji vilevile. Hata babu, maana babu zetu huwaita wajukuu zao “babu”. Ndani ya mazungumzo hilo ni tamu sana. Katika usimulizi, “wifi yake” litafaa tu pale ambapo tayari tunajua tunatazama kwa macho ya nani.

Hilo ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa waandishi kuliko kanuni yoyote ya sarufi. Amua tukio hili ni la macho ya nani, kisha mpe mtu huyo zile a- zisizo na jina. Wengine wote, wakitenda, watajwe kwa jina au kwa uhusiano wao naye. Kama tukio la kizimbani ni la Atupele, basi “alijua”, “alihisi”, “aliogopa” ni vya Atupele bila kumtaja, na Sekela ndiye anayelipa gharama ya kutajwa. Ukungu mwingi hauanzii kwenye viambishi kabisa. Unaanza pale mwandishi anaporukaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine ndani ya aya moja, viambishi vikabaki kuvujisha tu kile ambacho yeye hajakiamua.

Tuje kwenye -ake. Hapa nina ugomvi na Kiswahili kilichotafsiriwa. “Alishika mkono wake.” Wa nani? Mswahili hasemi hivyo. Anasema “alimshika mkono”, na kiambishi -m- kinamaliza kesi: mkono ni wa mwingine. Kama ni wake mwenyewe, “alijishika mkono”. “Aliutazama uso wake” iwe “alimtazama usoni”. Viungo vya mwili havihitaji -ake kwa sehemu kubwa, na ukizifuta -ake hizo katika rasimu nzima utashangaa jinsi maandishi yanavyopumua. Pesa nazo zina njia yake. Badala ya “alichukua pesa zake”, lugha inakupa “alimchukulia pesa”, au kile kitenzi cha sokoni kisicho na huruma, “alimlia pesa”. Mwenye mali anajulikana, mwizi anajulikana. Ukiandika “mkewe” au “mumewe” badala ya “mke wake” umefupisha tu, hujafafanua. Swali la nani limebaki lilelile.

Kauli ya kutendwa nayo inadharauliwa bure. “Sekela alimsukuma Atupele, akayumba, akashika nguzo.” Kwa sharti la mnyororo niliokwisha kutaja, aliyeyumba ni Sekela, na sidhani kama ndivyo ulivyotaka. “Atupele alisukumwa, akayumba, akashika nguzo.” Mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na jicho letu halikuondoka kwake. Vivyo hivyo kauli ya kutendana: “hawakusalimiana” inaondoa kabisa suala la nani hakumsalimu nani, kwa kuwa wote wana hatia.

Kuna kiambishi kingine kinachosumbua bila kelele, -ki-. Hapa Iringa rasimu nyingi za riwaya za kihistoria zinapita Lugalo, 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipouvamia msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, na yeye mwenyewe akauawa. Mwandishi anaandika: “Wahehe waliwavamia Wajerumani wakiwa kimya.” Nani alikuwa kimya? Wavamizi waliojificha, au wavamiwa waliokuwa wanatembea? “Wakiwa” inaweza kumshika yeyote, na hapa inabadilisha vita vyenyewe. Unaweza kuihamishia mbele: “Wakiwa kimya, Wahehe waliwavamia…” Unaweza kutumia kirejeshi: “waliwavamia Wajerumani waliokuwa kimya.” Lakini dawa ninayoipenda ni ya ngeli. Mgeuze mmoja wa wahusika awe kitu kimoja cha ngeli nyingine: “Wahehe, wakiwa wamejificha, walikivamia kikosi kikiwa mwendoni.” Wa- ni Wahehe, ki- ni kikosi, hawawezi kugongana tena. Isitoshe umeondoa kosa la historia, kwa kuwa askari wengi wa kikosi kile walikuwa Waafrika walioajiriwa chini ya maofisa wa Kijerumani.

Hii ndiyo mali ambayo vitabu vya Kiingereza haviwezi kukushauri uitumie, kwa kuwa lugha yao haina. Ngeli zetu ni njia nyingi za kumrejelea mtu au kitu bila kumtaja upya. Familia inachukua i-, genge linachukua li-, kundi hali kadhalika, umati u-. Chagua nomino ya pamoja kwa makusudi.

Ila ngeli nazo hugongana. “Lori liligonga daraja likaharibika.” Lori ni li-, daraja ni li-. Kama hadithi yako ina safari ya kupandisha mlima Kitonga, sentensi ya namna hii itakuvizia. Mara nyingi jibu liko kwenye kitenzi sahihi kuliko kwenye kurudia jina: daraja hukatika, lori hupinduka. “Liligonga daraja likapinduka” halina utata wowote, na lina picha zaidi.

Mengine ni madogo. “Hilo lilimuuma” lisimamie kitu kimoja kinachojulikana, ukiwa umeandika “Alikataa kumlipa mbele ya watu. Hilo lilimuuma”, sijui kimeuma kukataliwa au kuaibishwa, basi andika “Aibu ile ilimuuma”. Katika mazungumzo, “nimewaambia” yaweza kuwa ninyi au wao; “nimewaambieni” inamaliza. Na “yeye” ukimwongeza mbele ya kitenzi haongezi mwanga hata kidogo, kwa kuwa amebeba habari ile ile ya a-. Mweke pale tu unapotaka kumtenga mtu na wengine, kama “aliyesema ni yeye”.

Sasa, kuhusu yale majina. Mume wako ana haki. Ukiandika Atupele, Sekela, Atupele, Sekela, hujaondoa ukungu, umehamisha kazi kutoka kwa msomaji ukaiweka kwenye sikio lake. Na dawa ya waandishi wa magazeti, ya kumbatiza mtu kila sentensi, “mfanyabiashara huyo”, “mama huyo wa watoto watatu”, “mkazi huyo wa Uyole”, ni mbaya kuliko ugonjwa. Msomaji anaanza kuhesabu kuna watu wangapi pale kizimbani. Jina hutajwa mtu anapoingia, mtenda anapobadilika, na baada ya aya ndefu ya mawazo. Kwingine sentensi igeuzwe umbo.

Nimejaribu aya yako. Nimekisia nani kamwambia nani, kwa sababu rasimu haikunipa jibu; kama nimekisia kinyume, ugeuze.

“Atupele alipofika kwenye kizimba, Sekela alikuwa anapima mchele. Hawakusalimiana. Atupele alijua wifi yake amenuna kwa lipi: habari za pesa za kikoba zilikuwa zimemfikia Ambakisye, na aliyezifikisha ni yeye, mkewe. Sekela akalishusha debe kwa kishindo.

‘Ondoka, wifi, kabla sijamwita baba Neema.’”

Majina yametumika mara chache kuliko unavyodhani. “Mkewe” haina shaka kwa kuwa jina la mume liko karibu nayo. “Kaka yake” imetoweka, nafasi yake imechukuliwa na jina, kwa sababu mtu mwenye majina mawili ya ukoo katika aya moja lazima atajwe kwa lake walau mara moja. Na tishio la mwisho nimeliweka mdomoni mwa Sekela mwenyewe. Kauli ya moja kwa moja ni rafiki mkubwa wa mwandishi wa Kiswahili, maana ndani yake mimi ni mimi na wewe ni wewe. “Akamwambia aondoke kabla hajamwita mumewe” ina watu wanne waliofungwa kwenye gunia moja. Sekela akifungua mdomo, tunajua moja kwa moja nani anafukuzwa na nani ataitwa, tena kwa jina ambalo mwanamke wa Mwanjelwa angelitumia kweli kwa mumewe.

Kazi hii usiifanye ukiwa bado unaandika rasimu ya kwanza, itakukata mkono. Ifanye baada ya mpangilio wa matukio kutulia, na usianzie ukurasa wa kwanza. Anzia kwenye matukio ya watu watatu na zaidi: msiba, kikao cha ukoo, ugomvi, simu inayosikilizwa na mtu wa pembeni. Kisha nenda kwenye kumbukumbu, zile aya za “alikuwa amemwambia”, kwa sababu huko wakati na watu hupotea pamoja.

Kujisomea mwenyewe kwa sauti hakutoshi. Unajua nani ni nani, na sauti yako inaziba mapengo bila wewe kutambua: unapaza kidogo kwa Sekela, unashusha kwa Atupele. Mpe mtu mwingine akusomee, asiyewahi kuona rasimu, wewe ukae na nakala yako. Pale anaposita na kurudi nyuma, weka alama. Usimwulize kama ameelewa, kwa kuwa watu wetu wana adabu na atakuambia ameelewa. Mwambie akusimulie tukio lile kwa maneno yake. Akisema “yule dada akamfukuza mwenzake”, umepata jibu lako.

Usiondoe kila kivuli, hata hivyo. Kiswahili kimekupa zawadi ambayo waandishi wa lugha nyingine wanaihangaikia: unaweza kuandika sura nzima ya mtu anayeingia kizimbani usiku, akafungua kufuli, akachota mchele wa Kyela kwenye gunia, akatokomea, na msomaji asijue ni mwanamume au mwanamke. Tumia zawadi hiyo bila woga. Lakini katika sura kama hiyo msomaji lazima awe na hakika kwamba aliyefungua kufuli ndiye aliyechota na ndiye aliyetokomea. Asimjue mtu, sawa. Asijue kama ni mtu mmoja au wawili, hapo umempoteza.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama Atupele na Sekela ni majina yanayochanganya. Hapana, yaache, yanaanza kwa herufi tofauti na yanasikika tofauti. Kinachonitia wasiwasi ni wanaume wako. Ambakisye, Anyosisye na Ambilikile wote wapo katika sura ya kikao cha ukoo, na wote wanaanza kwa A. Ni majina halali ya Kinyakyusa na najua huko kwenu familia moja inaweza kuwa nayo yote, lakini msomaji wa Tanga au Mombasa atayaona kama jina moja lililoandikwa kwa namna tatu. Mwache Ambakisye. Anyosisye anaweza kuwa Gwakisa. Ambilikile anazungumza mara moja tu katika kikao kile, kwa hiyo mwite baba mdogo, na jina lake usilitaje kabisa.